Tundu lisilokuwepo: Cocker Spaniel aliyetokwa machozi miezi mitatu

Mbwa wa kisa hiki ni jike wa aina ya Cocker Spaniel, rangi ya maziwa, masikio ya kahawia. Mimi ni daktari wa wanyama, na alifika mezani kwangu akiwa na umri wa miezi mitano. Ninakiandika kwa ruhusa ya mwenye mbwa. Majina, mji na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa tiba nimeyabadilisha. Aina ya mbwa nimeiacha kama ilivyo, maana bila hiyo kisa hakina maana.

## Usuli

Jicho la mbwa, kama letu, hutengeneza machozi mchana na usiku. Machozi hayo huosha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukusanyika kwenye kona ya ndani ya jicho, kisha huingia katika matundu mawili madogo sana: moja kwenye ukingo wa kope la juu, jingine kwenye ukingo wa kope la chini, milimita chache tu kutoka konani. Kila tundu lina kijifereji chake. Vijifereji viwili hukutana kwenye kifuko kidogo kilichojificha mfupani, na kutoka hapo mfereji mmoja hushuka hadi puani, ukafungukia karibu na ncha ya pua. Mtu akilia, kamasi nazo humtoka kwa sababu hiyo hiyo.

Tundu la chini ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Likikosekana, machozi hufurika na kushuka shavuni hata kama jicho lenyewe ni zima kabisa.

Kwa mbwa wengine tundu hilo halifunguki tangu kuzaliwa. Kijifereji kipo, kifuko kipo, mfereji hadi puani upo. Kilichozidi ni utando mwembamba uliofunika mlango. Ni kama fundi aliyefunga mabomba ya paa yote sawasawa hadi chini, akasahau kutoboa pale maji yanapoingilia. Wengine tundu wanalo ila ni dogo mno. Wachache kijifereji chenyewe hakipo, na hao ndio wagumu kutibu. Hali hii huonekana zaidi kwa Cocker Spaniel, Golden Retriever, Samoyed, Bedlington Terrier na Poodle wadogo. Kwa kuwa hujirudia katika aina hizo hizo na katika koo zile zile, madaktari wa macho ya wanyama huichukulia kuwa ya kurithi. Namna inavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto bado haijabainishwa, na hakuna kipimo cha vinasaba cha kuagiza maabara. Kilichopo ni macho ya daktari na kumbukumbu za mzalishaji.

Hilo la kumbukumbu nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike.

## Miezi mitatu ya dawa

Mwenye mbwa, ambaye hapa nitamwita Mama, alimnunua mtoto huyu akiwa na wiki nane kutoka kwa mzalishaji wa mkoa mwingine. Wiki ya pili nyumbani aliona unyevu chini ya jicho la kushoto. Wiki ya tatu kulikuwa na mstari wa rangi ya kutu kutoka konani hadi katikati ya shavu, na tongotongo kidogo asubuhi. Jicho la kulia nalo lilikuwa na unyevu, ila si sana.

Mtunza bustani alisema nyoka amemtemea. Si wazo la kipuuzi, kwa sababu swila wa kutema wapo maeneo yale, na mbwa huwa wa kwanza kukutana nao. Lakini jicho lililotemewa sumu hubadilika ghafla, hufumba kwa maumivu, na konea huweza kugeuka kama maziwa. Mbwa huyu alikuwa anacheza, jicho wazi, halimwashi. Alikuwa analowa tu.

Duka la dawa za mifugo lilimpa mafuta ya macho ya oksitetrasaiklini. Siku kumi, hakuna mabadiliko. Kliniki ya kwanza ilimpa matone ya jentamaisini, antibayotiki, yaliyochanganywa na deksamethasoni, aina ya steroidi inayotuliza uvimbe. Hapo kukaonekana nafuu: wekundu ukapungua, ngozi iliyochubuka chini ya jicho ikatulia, Mama akashukuru. Wiki moja baada ya dawa kuisha, machozi yakawa yale yale. Akapewa chupa ya pili. Nafuu ile ile, kisha kurudi kule kule.

Baada ya hapo Mama aliacha kliniki. Jirani anayefuga kuku alimwambia kwamba unga wa tailosini, ule wa mafua ya kuku, huondoa alama za machozi kwa mbwa weupe. Jirani hakuwa mwongo. Tailosini hupunguza rangi ile kwa mbwa wengi, na kuna bidhaa zilizouzwa nje kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, hadi mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipowaonya watengenezaji kwamba dawa hizo hazikuwa zimeidhinishwa. Lakini kinachopungua ni rangi. Rangi ya kutu hutokana na porfirini, kemikali zilizomo ndani ya machozi, ambazo hukolea manyoya yakilowa muda mrefu. Tailosini haitoboi tundu. Tena ni chungu kupindukia: mtoto huyu alisusa chakula siku mbili kabla Mama hajagundua kwamba shida ni unga aliomchanganyia kwenye uji.

Alipokuja kwangu alikuwa na mkoba wenye vyombo vitano vya dawa. Alivipanga mezani kimoja kimoja, akasema, "Daktari, mimi sitaki dawa nyingine. Nataka kujua ana nini."

## Siku ya kwanza mezani

Nilianza vizuri. Karatasi ya Schirmer, inayopima wingi wa machozi, ilionyesha milimita 22 kwa dakika jicho la kushoto na 19 la kulia. Kwa mbwa, kuanzia 15 kwenda juu ni kawaida, kwa hiyo jicho kavu lilitoka kwenye hesabu. Kope hazikuwa zimejikunja ndani. Cocker Spaniel huwa na nywele za ziada zinazoota kwenye ukingo wa kope na kuchoma jicho, na huyu alikuwa nazo mbili upande wa kulia, laini, zinazoelea juu ya machozi bila kugusa konea. Niliziandika nikaziacha.

Kisha nikakosea. Nilidondosha rangi ya fluresini katika macho yote mawili kwa wakati mmoja. Rangi hii ina kazi mbili: kwanza huonyesha kidonda kwenye konea, na hakikuwepo, pili, ikionekana puani baada ya dakika chache, ina maana njia ya machozi iko wazi. Ndicho kinachoitwa kipimo cha Jones. Baada ya dakika sita niliona kijani kwenye tundu la pua la kulia. La kushoto kavu. Nikafungua mdomo, na nyuma ya ulimi palikuwa na kijani pia. Sasa ile ya ulimini ilitoka jicho lipi? Mbwa wengine mfereji wao hufungukia nyuma zaidi puani, machozi huenda kooni, na pua hubaki kavu ilhali njia ni nzima. Kwa kuwa nilipaka macho yote, sikuwa na namna ya kujua. Ilibidi nimwombe Mama arudi siku ya pili nirudie jicho moja moja.

Siku ya pili nilianza na la kushoto peke yake. Dakika kumi: puani hakuna, ulimini hakuna. Rangi yote ilikuwa shavuni.

Hapo ndipo nilipovaa miwani ya kukuzia na kufanya jambo ambalo lingechukua nusu dakika siku ya kwanza: nikahesabu matundu. Jicho la kulia, juu moja, chini moja, la chini dogo kama ncha ya pini. Jicho la kushoto, juu moja. Chini nilivuta kope, nikakausha kwa pamba, nikageuza taa, nikatafuta tena. Ukingo ulikuwa laini kama haujawahi kuwa na kitu.

Nilimwita Mama aangalie mwenyewe. Nilimwonyesha la juu kwanza ili ajue tundu linafanana na nini, kisha nikamwonyesha la chini. Alitazama kwa muda. "Kwa hiyo zile dawa zote..." hakumalizia.

## Maamuzi kabla ya upasuaji

Swali la kwanza lilikuwa kama tujaribu kuzibua siku ile ile kwa matone ya ganzi peke yake. Kwa mbwa mkubwa mtulivu inawezekana. Nilijaribu. Mrija ulipogusa kope mtoto alirusha kichwa, nikaacha. Kijifereji ni chembamba na ukuta wake ni laini. Ukiuchana, kovu linaweza kuziba kabisa kile ulichokuja kufungua. Tukapanga nusukaputi.

Swali la pili lilikuwa kama kulikuwa na haja yoyote ya kufanya kitu. Hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Mbwa mwenye macho mazima anayelowa shavu hana maumivu, na wapo wanaoishi hivyo maisha yao yote wakifutwa uso kila asubuhi. Huyu ngozi ilikuwa imechubuka, nzi walikuwa wanamfuata, na tongotongo za kila siku zilionyesha kwamba machozi yaliyosimama yanaalika bakteria. Ndiyo iliyonifanya nipendekeze kufungua. Urembo wa uso haukuwa sababu, nikamwambia Mama hivyo.

Swali la tatu lilinigombanisha naye kidogo. Nilipendekeza tumfunge uzazi kwenye nusukaputi hiyo hiyo, apumzike mara moja na gharama ipungue. Mama alikuwa amemnunua kwa bei kubwa akiwa na mpango wa kumpandisha. "Daktari, unazibua, anapona. Akipona si amepona?" Nilijibu kwa haraka, na nilijibu vibaya, nikisema tu kwamba ni ya kurithi. Alinyamaza, akasema atafikiri kwanza aongee na aliyemuuzia. Tukakubaliana jicho pekee.

## Upasuaji

Mtoto alilazwa kwa nusukaputi, mrija wa hewa kooni ukiwa umejazwa upepo vizuri, pua ikielekezwa chini na shashi nyuma ya ulimi. Maji utakayosukuma yatatokea puani na kooni, na hayafai kuishia mapafuni.

Hatuna vijimrija maalumu vya macho. Tulitumia kanula ya mshipa ya geji 24, ile ya kifuniko cha njano, sindano yake imetolewa ikabaki plastiki laini. Niliiingiza kwenye tundu la juu la kushoto na kusukuma salaini yenye rangi kidogo. Maji yakatoka puani mara moja, ya kijani. Habari njema, kwa sababu mfereji mkubwa ulikuwa mzima. Lakini kwenye kope la chini hakukutokea kitu. Nilisukuma tena, yakatoka puani tena.

Msaidizi wangu ndiye aliyekumbuka. Alibonyeza kwa kidole chini ya kona ya ndani ya jicho, pale kifuko kilipo, akaifunga njia ya puani. Nikasukuma taratibu. Maji, yakiwa hayana pa kwenda, yakarudi kwenye kijifereji cha chini, na ukingoni mwa kope pakainuka lengelenge dogo la kijani, pale pale ambapo tundu lilipaswa kuwa. Nililishika kwa koleo nyembamba, nikalikata kichwa kwa mkasi mdogo. Maji yakaruka hadi kwenye kioo cha taa.

Laiti lengelenge lisingeinuka, ningeacha. Kutafuta kijifereji kwa kisu mahali ambapo huenda hakipo ni kazi ya mtaalamu wa macho mwenye hadubini, na ningempa Mama barua ya kwenda kwenye hospitali ya chuo kikuu.

Jicho la kulia nililisafisha tu kwa maji kupitia tundu la juu. Yalitoka chini na puani. Sikulikata. Tundu dogo linalopitisha nililiona ni bora kuliko tundu kubwa lenye kovu. Wenzangu wengine wangelipanua siku ile ile.

## Siku kumi na mbili baadaye

Tundu jipya ni kidonda, na kidonda hutaka kufunga. Kwa hiyo baada ya upasuaji hutolewa matone ya antibayotiki yenye steroidi, steroidi ikiwa na kazi ya kuzuia kovu, kwa muda wa wiki moja hadi mbili, mradi konea haina kidonda. Nilimpa Mama chupa na kumwambia arudi siku ya 12.

Alirudi na shavu lenye unyevu. Rangi ilichukua dakika tisa kufika puani. Tundu lilikuwepo ila limejikunja, ukingo wake mweupe.

"Ulimpa hadi lini, Mama?"

"Siku nne. Jicho lilikuwa limekauka kabisa, nikaona nisimjaze dawa bure. Na hivi hapa pameandikwa nini?" Akanionyesha kibandiko. Kwa mwandiko wangu mwenyewe palisomeka QID.

Niliandika hivyo kwa mazoea, kama ninavyoandika kwenye faili. Mama amesoma, anaongoza watu kazini kwake, lakini hakuna sababu duniani ya yeye kujua kwamba herufi hizo maana yake ni mara 4 kwa siku. Alidhani ni jina la kiwanda. Alikuwa akidondosha asubuhi na jioni, kisha akaacha alipoona jicho limepona.

Tulimpa mtoto dawa ya kumtuliza, nikapanua tundu kwa kijiti laini, maji yakapita, tukaanza matone upya kwa siku 14. Safari hii niliandika: "Tone 1 jicho la kushoto, mara 4 kwa siku, USIACHE hata jicho likikauka, mpaka tarehe..." Msaidizi alichora jua na mwezi pembeni. Mtoto aliachiwa koni shingoni asijikune.

## Simu kwa mzalishaji

Katikati ya hayo Mama alizungumza na mzalishaji, na yule mzee akaomba aniongeleshe. Baada ya shikamoo na habari za kazi aliingia moja kwa moja: "Daktari, hao wote hulia wakiwa wadogo. Baadaye hukauka." Nilimwuliza ni wote wa mama yupi. Akacheka. "Wa huyu huyu. Hata yeye alikuwa hivyo, ndiyo maana nilimpata kwa bei nafuu kule Nairobi. Alikuwa ameshazibuliwa."

Nilimwomba arudie.

Jike aliyezaa mtoto wetu alizaliwa bila tundu, akazibuliwa akiwa mdogo, akauzwa akiwa na uso mkavu, na karatasi zake za nasaba ni safi kabisa. Hakuna mahali popote palipoandikwa. Mzee alijua kwa sababu muuzaji alikuwa mkweli kwa mdomo. Mnunuzi wa baadaye asingejua chochote, na daktari ambaye angempima kabla ya kupandishwa angeona matundu manne, akasema ni mzima.

Mzao huo ulikuwa na watoto sita. Kupitia kundi la WhatsApp ambalo wenye watoto walikuwa wamelianzisha kutumiana picha, niliwapata wanne, akiwemo wetu. Wawili niliwapima mwenyewe. Wa tatu alipimwa na mwenzangu wa mji mwingine niliyemwelekeza kwa simu. Mmoja hakuwa na tundu la chini pande zote mbili. Mmoja alikuwa kama wetu, kushoto tu. Wa nne alikuwa mzima. Wawili wa mwisho wenyewe walisema mbwa wao hawana shida, hawakuja. Baba alikuwa dume la kuazima, na mwenye dume hakutaka kumleta. Kwa hiyo kumlaumu mama peke yake ni haraka, kwa sababu kila mtoto alipata nusu ya vinasaba vyake kwa dume ambalo hatukuliona.

Nilimshauri mzee mambo mawili: asirudie kuwapandisha jike na dume wale wale, na asimzalishe tena jike huyo. La kwanza alilikubali pale pale. La pili alilikataa. Jike wake ana moyo mzuri, alisema, anazaa bila shida, watoto wake wana tabia. Atatafuta dume jingine. Sikuwa na la kumzuia, na sikulitafuta.

## Matokeo

Miezi mitatu baada ya upasuaji rangi ilifika puani upande wa kushoto kwa chini ya dakika tatu. Manyoya ya zamani yenye kutu yalinyolewa, mapya yakaota safi. Upande wa kulia bado hulowa kidogo asubuhi na siku za vumbi. Mama hufuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, na hajaomba nilifungue. Tongotongo zimekwisha.

Akiwa na miezi tisa mbwa alifungwa uzazi. Mama alifikia uamuzi huo alipomwona ndugu wa mbwa huyo aliyekuwa na shida pande zote mbili, kwenye ukumbi wa kliniki, uso umeiva wekundu. Maneno yangu hayakuwa na mchango mkubwa.

Kwenye kadi ya chanjo, ukurasa wa maelezo, niliandika: amezaliwa bila tundu la chini la machozi jicho la kushoto, limefunguliwa kwa upasuaji, asizalishwe. Nikapiga muhuri. Mama aliisoma akaguna. "Sasa ukiandika hivi, siku nikitaka kumpa mtu?" Nikamwambia mtu huyo ndiye ninayemwandikia.

## Uchambuzi

Kosa lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuwa la mtu mmoja. Duka, kliniki ya kwanza, jirani wa kuku na mimi siku ya kwanza, sote tulikuwa tunatibu kilichotoka kwenye jicho. Hakuna aliyeuliza kinakwenda wapi. Machozi yanayomwagika yana sababu mbili tu kubwa: ama yanatengenezwa kupita kiasi kwa sababu kuna kinachochoma, ama yanayotengenezwa kwa kiasi hayana pa kutokea. Ya kwanza huja na maumivu, kufumba, wekundu wa konea. Mtoto anayelowa tangu akiwa na wiki chache, jicho wazi, anacheza, ni wa kundi la pili hadi ithibitishwe vinginevyo.

Matone ya steroidi yalitudanganya kwa namna ya pekee. Yalileta nafuu ya kweli, kwa kuwa ngozi na utando wa jicho vilivyokuwa vimevimba kwa kulowa vilitulia. Nafuu hiyo ikachukuliwa kama ushahidi kwamba ugonjwa ni uvimbe. Dawa inayosaidia kila inapotolewa na kushindwa kila inapoisha inapaswa kumtia daktari wasiwasi kuliko ile isiyosaidia kabisa. Tena steroidi mara mbili bila kupima konea kwa rangi ilikuwa bahati nasibu. Kungekuwa na kidonda, tungekuwa tunazungumzia kisa kingine.

Kuhusu rangi kwenye macho yote mawili, hilo ni la kwangu, na sina utetezi. Liligharimu siku moja na nauli ya Mama.

Kilichokwenda sawa mezani kilikuwa kidole cha msaidizi. Vitabu vinaeleza kwamba lengelenge litainuka. Havisisitizi vya kutosha kwamba kama mfereji mkubwa ni mzima maji yatapendelea puani, na lengelenge halitainuka mpaka njia hiyo ifungwe. Daktari anayefanya kwa mara ya kwanza anaweza kuhitimisha kwamba kijifereji hakipo, akamfunga mbwa na kumrudisha nyumbani. Nilikuwa sekunde chache kutoka hapo.

Kibandiko cha QID nimekibandika ukutani kwenye chumba cha dawa.

Lakini jambo ambalo bado silipatii jibu ni lile la Nairobi. Daktari aliyemzibua yule jike, simjui ni nani, alifanya kazi nzuri: mbwa alipona kabisa. Na kwa kupona kabisa, alama pekee ya kilichomo kwenye damu yake ikafutika. Upasuaji wetu ulifanya vivyo hivyo. Mbwa wetu leo, akiwekwa mbele ya mpimaji yeyote, atapita. Magonjwa mengine ya kurithi humfuata mbwa na kuonekana. Hili tunaliondoa kwa mkasi katika dakika moja, na tunamrudisha kwenye soko akiwa safi kuliko ndugu yake ambaye mwenye naye hakuwa na pesa za upasuaji. Uingereza madaktari huombwa kutoa taarifa kwa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, wanapomfanyia mbwa aliyesajiliwa upasuaji unaobadili umbo lake la asili. Huku kwetu hakuna anayeuliza, na mbwa wengi hata usajili hawana. Kadi ya chanjo ndiyo karatasi pekee ambayo karibu kila mbwa wa kununuliwa anayo, na inahama naye. Sasa ninaandika humo kila mara, na kabla ya kuchoma sindano ya kwanza ya chanjo, mtoto akiwa na wiki sita au nane, navuta kope na kuhesabu hadi nne. Wenye mbwa hudhani nampima upungufu wa damu.

Mzee alinipigia mwaka uliofuata. Jike wake alikuwa amezaa tena kwa dume jingine, saba safari hii. Alinitumia video za nyuso zao zikiwa karibu na simu, akaandika, "Haya daktari, hesabu." Kwenye video hakuonekani kitu, nikamwambia awalete. Alisafiri nao kwenye boksi la ndizi lenye matundu pembeni, watano. Wawili walikuwa wameshauzwa. Wanne kati yao walikuwa na matundu yote. Wa tano, dume dogo la kahawia, hakuwa na la chini kulia. Mzee alimshika mikononi muda mrefu, akaniuliza bei ya kuzibua. Nikamtajia, na nikachukua kalamu na kadi.

"Kadi andika," alisema. "Wale wawili ndio wananisumbua. Namba zao sina."